Kumtunza Bibi wa Mandolini

Serikali ilipotangaza kwamba watu wa upande wetu wa Sydney wasitoke nje ila kwa sababu ya maana, mume wangu alinitazama akacheka.

"Wewe wamekuonea," alisema. "Ulianza lokdauni siku tulipohamia hapa, leo ndiyo wanakuletea sheria."

Mimi ni mtu wa ndani. Miaka sita hapa mtaani kwetu Granville, na zile fukwe zao zinazosifiwa dunia nzima nilikuwa nimeziona mara mbili, moja kati ya hizo ni siku tuliyopotea njia. Nilikuwa nafanya kazi ya kukunja nguo kwenye ghala, shifti tatu kwa wiki. Ghala lilipofungwa nilijitia huzuni mbele ya wenzangu, kisha nikarudi nyumbani, nikabadilisha mashuka, nikalala mchana kweupe kama bibi harusi.

Mume wangu aliendelea na kazi. Anaendesha lori la makontena kutoka bandarini Port Botany, na makontena hayaugui. Kila siku ya tatu walimchokoa pua kumpima, akarudi macho mekundu kama aliyefiwa. Nikabaki mimi, birika, kamba ya kuanikia nguo, na uzio wa nyuma.

Huo uzio ni wa mbao, mrefu kunipita kidogo. Nyumba ya upande wa pili mlango wake unatazama mtaa mwingine kabisa, kwa hiyo kwa miaka sita sikujua nani anaishi pale. Nilijua tu kwamba anakula vitunguu vingi na kwamba redio yake haipigi muziki wa leo.

Mchana mmoja wa Julai, ule mwezi wao wa baridi ambao jua linakuja kama mgeni asiyekaa, nilikuwa naanika nikasikia mandolini, ile gitaa ndogo ya nyuzi nane. Niliitambua. Tanga nilikokulia, ukiwa mtoto wa kike unayependa harusi, utaijua mandolini hata kama huwezi kuishika, maana katika taarabu inakaa ubavuni mwa fidla ikichombeza. Ila hii haikuwa ikichombeza. Ilikuwa inakimbia. Ilitoka mbio kama mtu aliyesahau sufuria jikoni, ikapanda, ikazunguka, halafu ikakatika. Kimya. Kisha likafuata tusi moja, la sauti ya kike, lililotamkwa kwa utulivu mkubwa. Kisha ikaanza tena mwanzo, na kukatika palepale.

Siku tatu nilianika nguo zisizohitaji kufuliwa. Kila siku wimbo ulikatika mahali pamoja. Siku ya nne ukapita! Haukufika mwisho, lakini ulipita pale, na mimi nilisisimka hadi mikononi. Basi nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa Tanga angefanya. Nikaingia ndani, nikachukua noti ya dola tano, nikainyoosha, nikaibana kwa kibanio cha nguo juu ya uzio, ikining'inia upande wake.

Mandolini ikanyamaza. Kichwa kikatokeza juu ya mbao: nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, miwani, uso wa mama wa Kizungu wa miaka sabini na kitu.

"Nadhani umeangusha hela yako," alisema.

"Hapana, mama. Ni yako. Kwa ajili ya muziki."

Uso ukafungwa kama duka saa ya sala. Akaichomoa noti kwa vidole viwili, akaibana tena, safari hii upande wangu.

"Mimi sipitishi kofia," alisema. Na kichwa kikashuka. Nasema kikashuka kwa sababu hakikugeuka wala kuondoka. Kilikwenda chini moja kwa moja, kama cha mtu aliye kwenye lifti.

Siku mbili hakukuwa na muziki. Nilimweleza mume wangu, nikitarajia anionee huruma.

"Umemfanya mama wa watu ombaomba," alisema, "tena wa dola tano! Ungempa hamsini angalau akasirike vizuri."

Sasa, kama kuna jambo ninalolijua vizuri maishani, ni kususa. Mimi utotoni nilisusa chakula, nikasusa shule, nikasusa hata picha ya familia, ndiyo maana kwenye picha hiyo kuna pengo kati ya dada zangu. Kimya cha mtu aliyesusa nakitambua hata nikifumba macho. Na najua kwamba aliyesusa anataka kuitwa, lakini aitwe kwa adabu.

Nikaandika barua. Kiingereza changu cha kuandika ni cha kidato cha nne, na barua niliyofundishwa ni ya aina moja tu. Nikaweka anwani mbili, tarehe, salamu ya kiofisi, na kichwa cha habari kwa herufi kubwa kilichopigiwa mstari: HELA KWENYE UZIO. Nikaeleza kwamba kwetu, mwanamuziki akikugusa moyo, huwezi kukaa kitako ukapiga makofi kama uko mkutanoni. Unainuka, unamwendea polepole huku unacheza, watu wote wanakuona, unampa noti mkononi au unambandika kwenye paji la uso. Hiyo si sadaka wala mshahara. Huko kunaitwa kumtunza. Na neno hilohilo, kutunza, ndilo tunalotumia kwa mtoto mchanga, kwa nyumba, na kwa siri. Nikamalizia kwa "wako mtiifu", nikatia saini, nikaibana barua kwenye kibanio.

Kesho yake kichwa kikapanda.

"Nimeishi miaka yote hii," alisema, "sijawahi kuombwa radhi na barua yenye kichwa cha habari." Na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

Tangu siku hiyo kila saa tisa mchana tulikutana uzioni, kila mtu na kikombe chake. Mimi nilitoa kigoda cha bafuni nikakipanda ili tuonane. Jina lake alinitajia, kama desturi ya huku, lakini ulimi wangu haukuweza kumwita mtu mzima hivyo kikavu. Nikamwita Bibi. Akauliza maana yake. Nikamwambia maana yake ni mama wa mama au wa baba, na pia ni mwanamke wa heshima.

"Chukulia ile ya pili," alisema. "Ya kwanza sijaifanyia kazi."

Nikamhoji kama afisa wa uhamiaji. Muziki wenyewe unaitwa bluegrass. Ulizaliwa milimani huko Marekani, na ni wa nyuzi tupu: banjo, fidla, gitaa, besi la kusimama, na mandolini. Ngoma hakuna. Kwa nini hakuna? Hajui, akasema, labda milima ilikuwa mikali, nani abebe ngoma. Na yeye, mtoto wa mji mdogo wa wafuga kondoo, aliupata wapi? Kwa sahani ya santuri ya mjomba wake. Mandolini alipewa na fundi viatu Mwitaliano aliyechoka kuitazama ukutani. Akawa anaizuia santuri kwa kidole izunguke polepole ili azisikie noti mojamoja, mpaka mjomba akalalamika kwamba waimbaji wake wote wanasikika kama walevi.

Akaja Sydney ana miaka kumi na tisa, akashona mapazia mchana, na jioni za Jumamosi akapiga na bendi ya wanaume wanne. Nikauliza wanawake wengine wapiga mandolini walikuwa wapi. Akafikiri, akapuliza chai yake.

"Wanaosikiliza walikuwepo wengi. Wa kupiga, niliyemwona ni yule wa kwenye kioo."

Hapo ndipo kofia ilipoingia. Katika baa wanamuziki walilipwa kwa kofia kuzungushwa mezani, na kila wimbo wa mwisho ulipokaribia, kiongozi wa bendi alimwambia yeye aweke mandolini chini apite na kofia, kwa kuwa uso wa msichana unafungua mifuko. Bendi ikamalizia bila mandolini. Miaka mitatu watu walimjua kama msichana wa kofia. Nilitamani uzio unimeze na kibanio changu.

"Na hicho unachoshuka nacho?" nikauliza ili kubadilisha mazungumzo. "Una lifti huko?"

Akashuka, akainua juu kreti la soda, la mbao, limechakaa pembe. Kumbe Bibi ni mfupi! Pasipo kreti hanifiki begani. Enzi hizo bendi nzima ilisimama mbele ya maikrofoni moja, kila mmoja akiisogelea zamu yake ikifika, na maikrofoni ilipimwa kwa videvu vya wanaume wanne. Hakuna aliyefikiria kuishusha. Akawa anasafiri na kreti. Kuna siku walilisahau, yeye anasema makusudi, akapiga sehemu yake akirukaruka kama mtu anayechungulia harusi ya watu.

Nilicheka mpaka kigoda kikayumba. Yeye hakucheka sana. Akaingia ndani, akarudi na jalada la santuri, akaliegemeza juu ya uzio. Wanaume wanne na msichana katikati ameshika mandolini, kidevu juu.

"Mzuri!" nikasema.

"Mzuri, ndiyo. Lakini si yeye unayemsikia humo ndani."

Siku ya kurekodi, kiongozi wa bendi alisema muda wa studio ni ghali, akamleta mwanamume wa mjini apige sehemu za Bibi, yeye akiwa amekaa kwenye benchi la nje na mandolini mapajani. Kati ya nyimbo hizo mmoja aliutunga yeye. Ndio ule uliokuwa ukikatika nyuma ya uzio wangu. Picha yake, wimbo wake, vidole vya mtu mwingine.

Bibi aliondoka kwenye bendi ile. Baadaye akaanzisha yake ya wanawake watupu, wakapiga miaka kumi na tano kwenye kumbi, baa na maonyesho ya kilimo. Gazeti moja liliandika vizuri sana kuhusu rangi ya magauni yao. Akafundisha wasichana wengi sebuleni kwake, na siku hizi, akasema, mwanamke na mandolini hawamshangazi mtu. Lakini ule wimbo wake hakuupiga tena mbele ya mtu. Bendi yake mwenyewe ikimsihi, alikataa.

"Ulisusa," nikasema.

"Nilifanya nini?"

Nikamweleza. Kukataa kitu unachokitaka, ili waliokuumiza wajue umeumia, hata kama wao wameshasahau na wanaendelea kula. Bibi akalirudia neno mara mbili, kama anayelijaribisha mguuni.

"Basi nimesusa zaidi ya miaka arobaini," alisema. "Na sasa nataka kuacha, na kidole hakitaki."

Kidole chenyewe ni gumba la mkono wa kulia, linaloshika kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Kiungo cha shina lake kilikuwa kimelika. Ufunguo ulimshinda kuzungusha, kifungo cha blauzi kilimtoa machozi. Hospitali ilikuwa imempangia upasuaji, korona ikauahirisha pamoja na mengine yote yasiyo ya kufa na kupona. Daktari alimwambia ukweli: baada ya upasuaji atashika kikombe bila maumivu, kama atashika kile kipande cha plastiki, hawezi kuahidi. Kwa hiyo Bibi alitaka kitu kimoja kabla ya simu ya hospitali. Aurekodi wimbo wake, mzima, kwa vidole vyake mwenyewe.

Lakini wimbo ule ulihitaji mandolini mbili. Moja inakimbia; ya pili inakaa chini yake ikifanya kazi ya ngoma isiyokuwepo. Wenzake waliobaki hai walikuwa mbali, nje ya kilomita tano ambazo sheria ilituruhusu kwenda kutoka nyumbani.

Akanitazama. Nikatazama nguo zangu kwenye kamba.

"Bibi, mimi hata kengele ya mlango naibonyeza nje ya mapigo."

"Vizuri. Huna mazoea mabaya."

Akanipitishia mandolini ya zamani ya fundi viatu, imefungwa kwenye taulo na kufutwa kwa dawa mpaka ikanuka kama zahanati.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Unabana nyuzi, unapiga pigo moja kali, na hapohapo unalegeza vidole ili sauti ife. Kama mtu aliyeanza kusema neno akakumbuka kwamba mkwe wake yupo chumbani. Na hupigi pale ambapo mguu unagonga chini, unapiga pale ambapo mguu uko juu. Kwa Kiingereza pigo hilo linaitwa "chop".

Siku ya kwanza Bibi alianza polepole, akaniambia, "Chop!"

Mimi nikasikia chapu. Nikaongeza mwendo.

"Chop!" akasema tena, kwa nguvu.

Nikaongeza. Bibi naye, mtu wa kukimbia toka zamani, akanifuata. "Chop! Chop!" Nikasema moyoni, mama huyu ana haraka jamani, chapuchapu namna hii na umri wake! Tukaenda mbio mpaka mkono wangu ukafa ganzi na Bibi akaangusha kipande cha plastiki kwenye majani, ameshika gumba lake, amekunja uso.

"Kwa nini unanikimbiza?" akauliza.

"Wewe ndiye unayesema chapu!"

Ilichukua muda kuelewana. Tulipoelewana Bibi aliketi kwenye kreti lake, nikasikia kicheko tu kutoka nyuma ya mbao. Kisha kicheko kikaisha, na mimi nikajua anaangalia kidole. Siku hiyo, kwa mbio zangu, nilikuwa nimekula sehemu ya nguvu zilizokibakia. Usiku ule, kitandani, nilikuwa nabana na kulegeza vidole juu ya blanketi mpaka mume wangu akahamia sofani.

Nikafanya mazoezi kama sijawahi kufanya jambo lolote. Asubuhi peke yangu, saa tisa na Bibi, dakika kumi tu ili kulitunza gumba. Agosti ikapita, Septemba. Kila mtu niliyezungumza naye kwa simu alikuwa anaomba lokdauni iishe. Nami niliitikia amina kama wengine, halafu nikikata simu naomba iongezwe wiki moja. Mungu anisamehe, nadhani nyumba mbili tu katika Sydney nzima ziliomba hivyo, na zilipakana.

Iliisha Oktoba. Sote wawili tulikuwa tumeshachanjwa mara mbili, kinyozi wa pale stesheni ana foleni mpaka kona, na Bibi akapigiwa simu Alhamisi. Upasuaji ni Jumatatu.

Jumamosi saa tisa nikaiweka simu yangu juu ya uzio, imeegemezwa na vibanio viwili. Sheria sasa iliruhusu tuketi chumba kimoja, lakini hakuna aliyependekeza. Yeye juu ya kreti, mimi juu ya kigoda.

Mara ya kwanza tulifika nusu, jirani wa tatu akawasha mashine ya kupuliza majani. Mara ya pili ulikatika palepale pa siku zote, na lile tusi tulivu likafuata. Bibi akaweka mkono kwapani, akafumba macho.

"Nina moja tu iliyobaki," alisema. "Baada ya hapo hakuna."

Nilitaka kumwambia amtafute mtu anayejua, bado kuna kesho, mimi ni mkunja nguo. Badala yake nikasema, "Bibi, taratibu. Mimi niko chini yako."

Akaanza. Hakukimbia kama zamani. Aliutembeza, na wimbo wenyewe ukaonekana kwamba muda wote ulikuwa na huzuni ndani yake ambayo mbio zilikuwa zinaificha. Nikabana, nikalegeza. Mguu chini, mkono juu. Tukakaribia pale. Niliona gumba lake linatetemeka, na kwa hofu nikapiga pigo moja mahali pasipo pigo, na mdomo wangu mshenzi ukasema, "Samahani!" Bibi hakusimama. Akapita. Akapanda, akazunguka, akateremka hadi noti ya mwisho, akaiacha ilie mpaka ikafa yenyewe.

Nikazima simu. Nikaanza kulia kuhusu ile samahani, kwamba nimeharibu, kwamba nina laana. Akaninyamazisha kwa kidole kimoja, kile kizima.

"Iwashe nisikie."

Tukasikiliza, vichwa viwili juu ya mbao. Mandolini, mapigo yangu yanayofuata kama mtoto aliyeshika khanga ya mama yake, na karibu na mwisho sauti ya mwanamke inayoomba radhi kwa Kiswahili. Bibi alisikiliza mpaka kikabaki kimya cha simu.

"Huyu ni mimi," alisema.

Kisha akavua miwani, akaifuta kwa blauzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ile hela yako," akasema bila kunitazama. "Bado ipo?"

Ilikuwepo. Tangu korona ianze hakuna duka lililotaka noti, kila kitu kadi. Ilikuwa kwenye kopo la vibanio, imekunjamana. Nikaichukua, nikaiinua kuipitisha juu ya uzio, halafu nikasita. Mtu hatunzwi hivyo. Mtu anaendewa.

Nikajifunga khanga. Nikatoka getini, nikapita kona, nikaingia mtaa ambao kwa miaka sita sikuwahi kuukanyaga, nikihesabu nyumba na kukisia kwa harufu ya vitunguu. Geti lilikuwa wazi. Bibi alikuwa amesimama juu ya kreti lake katikati ya majani, ameikumbatia mandolini, kidevu juu. Nikaanza tangu getini: noti hewani, kiuno polepole, hatua mbili mbele, moja nyuma, nikijiimbia wimbo wake kwa mdomo maana bendi haikuwepo. Nilizunguka kreti lake mara moja kama inavyotakiwa, nikambandika dola tano kwenye paji la uso, nikapiga vigelegele. Ikashika. Alikuwa na jasho.

Bibi hakuitoa. Alisimama nayo.

Na juu ya uzio, upande wa kwetu, kikatokeza kichwa cha tatu, cha mume wangu, bado na fulana ya kazi ing'aayo, ametoka bandarini akakuta nyumba wazi na mke hayupo.

"Miaka sita," alisema, "miaka sita nakuomba tutoke hata ufukweni. Kumbe dawa yako ni dola tano!"